Ruta mbili na anwani moja: shajara ya mtandao wa nyumbani, Nkuhungu, Dodoma

Jumamosi, 10 Mei

Leo nimeanza kuandika. Wiki tatu nimekuwa nikizima na kuwasha, na kila mtandao unapokubali nasahau nilichokifanya mpaka ukakubali. Kurasa za nyuma za daftari la kaunta sasa ni za kazi hii.

Hali ilivyo: nyumba kubwa iko mbele, na chumba cha barabarani ndicho steshenari yangu. Nina printa moja, mashine ya fotokopi na kompyuta mpakato. Uani kuna vyumba viwili anapokaa Baba na mdogo wangu wa kike anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Faiba inaingia sebuleni kwenye boksi la kampuni, na hilo boksi ndilo ruta ya kwanza. Kutoka hapo hadi mlango wa Baba ni kama mita 25, katikati kuna kuta mbili za tofali na paa la bati la jiko la nje. Waifai ya sebuleni ilikuwa inafika kwake imeshakufa. Mwezi wa tatu nikanunua ruta ya pili mjini, fundi akavuta waya juu ya paa, akachomeka huku na huku, simu zikashika, akalipwa akaondoka.

Dalili ni hizi. Simu inaonyesha waifai imejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Printa inapotea kwenye kompyuta ilhali iko mezani na taa yake inawaka. Mara mbili kompyuta imetoa onyo kwamba anwani yake, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, inagongana na ya kifaa kingine. Kuna siku mambo yanakuwa shwari kutwa nzima, na kuna siku, hasa umeme ukishakatika na kurudi, hakuna kinachokwenda mpaka jioni.

Kilichonifanya nikae chini ni mteja wa Alhamisi. Mama wa makamo alikuja na mjukuu wake kujaza fomu ya maombi. Tumejaza karibu saa nzima, tumefika kwenye kupakia cheti, mtandao ukakata na ukurasa ukarudi mwanzo. Nikawasha bando la simu yangu, likaisha katikati. Akaniambia kwa upole, "Usijali mwanangu, ndiyo mtandao," akapanda bodaboda na mtoto kwenda mjini. Hela yake nilimrudishia yote. Nauli alikataa kuipokea.

"Ndiyo mtandao." Hata mimi huwa nasema hivyo. Sasa nataka nijue ni mtandao upi, wa kampuni au wa humu ndani kwetu.

Jumapili, 11 Mei

Jaribio la kwanza. Saa 3 asubuhi nimechomoa waya unaokwenda uani, nikaliacha boksi la kampuni peke yake. Hadi saa 11 jioni mtandao haujakata hata mara moja. Saa 11 na robo nimeurudisha waya. Saa 12 kasoro, printa imepotea.

Kwa hiyo tatizo ni la kwetu. Nimepiga simu huduma kwa wateja mara nne mwezi huu, na ile ya mwisho niliongea kwa ukali. Yule dada wa kwenye simu alikuwa hana kosa lolote.

Jaribio la pili, nimetafuta anwani. Kwenye kompyuta nimeandika amri ya ipconfig, inayoonyesha anwani ya kompyuta: anwani yangu 192.168.1.103, na mlango wa kutokea nje ni 192.168.1.1. Nikaenda uani, nikafungua mipangilio ya waifai kwenye kishikwambi cha Baba. Anwani yake: 192.168.1.103. Mlango wa kutokea: 192.168.1.1.

Nilirudi mbele kuhakikisha, nikaenda tena uani, maana nilidhani nimesoma vibaya. Ni 103 huku na 103 kule.

Halafu nikafungua kivinjari, nikaandika 192.168.1.1 ili niingie kwenye ruta. Ukafunguka ukurasa wa bluu, wa boksi la kampuni. Nikafunga, nikapata chai, nikaandika anwani ileile. Safari hii ukafunguka ukurasa mweupe wa ile ruta niliyoinunua. Kumbe ruta zote mbili zinajiita 192.168.1.1.

Kuna amri nyingine, arp -a, inayoonyesha anwani ya IP imeshikwa na kifaa kipi kwa namba yake ya MAC, ile inayotoka nayo kiwandani. Nimeiandika, nikanakili herufi nne za mwisho zilizo mbele ya 192.168.1.1. Baada ya dakika kumi nikairudia, herufi zimebadilika. Nikageuza maboksi yote mawili na kusoma lebo za chini: za kwanza ni za boksi la sebuleni, za pili ni za ruta ya uani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kompyuta ikitaka kutoka nje inapaza sauti kwa nyumba nzima, "Nani ana 192.168.1.1?" Mwenye nayo anajibu na namba yake ya MAC, na kompyuta inakumbuka jibu hilo kwa muda. Kwetu wanajibu wawili. Ikishika jibu la boksi la sebuleni, intaneti ipo. Ikishika jibu la ruta ya uani, mzigo wote unapelekwa kwenye ruta ambayo tundu lake la WAN, la kupokea intaneti kutoka nje, halina waya wowote, kwa hiyo unafia hapo.

Jumatatu, 12 Mei

Jioni nimekaa na Baba. Amestaafu upimaji wa ardhi. Alikuja Dodoma kijana, miaka michache baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, na kuna mitaa ya mji huu aliyoitembea kwa miguu akivuta mnyororo wa kupimia kabla haijawa na nyumba. Siku hizi raha yake ni kufuatilia Bunge la bajeti kwenye kishikwambi, wizara baada ya wizara, na mtandao ukikata katikati ya hotuba huwa anakiweka kitandani na kunyamaza. Halalamiki, na kwa kuwa halalamiki inaniuma zaidi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Umepata ugonjwa?"

Nikamwonyesha daftari. Akavaa miwani, akasoma 103 na 103, akasema, "Kiwanja kimoja, barua mbili." Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikia: "Anayegawa ni nani?"

Ndilo swali lenyewe. Kifaa kikiingia kwenye waifai hakijichagulii anwani, kinaomba, na ruta inakipa kwa utaratibu unaoitwa DHCP. Ruta hizi zote zimetoka kiwandani zikiwa zimewashiwa ugawaji, zote zinaanzia namba 100, na hakuna inayoona daftari la mwenzake. Boksi la sebuleni limempa mtu 103, na ruta ya uani nayo inaona 103 iko wazi. Baba akasema wawili wakigawa viwanja vya mtaa mmoja bila ramani moja, lazima watu wakutane kwenye msingi na matofali yao.

Nikamweleza pia kwa nini zote zimezaliwa na 192.168.1.1. Anwani za IP za aina hii ziko 4,294,967,296 kwa dunia nzima, na akiba kuu ya dunia iliisha Februari 2011. Mwaka 1996 yalitengwa mafungu matatu ya matumizi ya ndani tu, linaloanza na 10, la 172.16 hadi 172.31, na la 192.168. Yeyote anaruhusiwa kuyatumia nyumbani kwake, kwa sababu hayatoki nje. Ndiyo maana 192.168.1.1 ya kwetu na ya jirani hazigombani. Ugomvi unaanza mbili zikikutanishwa kwenye waya mmoja.

Jumanne, 13 Mei

Umeme umekatika saa 8 mchana, umerudi saa 9 na dakika 20. Nilikuwa nimejiandaa na saa ya simu. Ruta ya uani imesimama ndani ya sekunde 40. Boksi la kampuni limechukua dakika tatu kasoro, maana linatafuta kwanza mwanga wa faiba.

Hapo nimeelewa kwa nini siku za umeme kukatika ndizo mbaya. Kwa zaidi ya dakika mbili ruta ya uani iko peke yake, na kila simu inayoamka inaomba anwani na kupewa na yeye, pamoja na maelekezo kwamba njia ya kutokea ni kupitia kwake. Anwani hiyo inakaa saa 24 ndivyo ilivyopangwa. Boksi la sebuleni linapoamka linakuta watu wameshapewa.

Jumatano, 14 Mei

Njia ni mbili.

Ya kwanza: waya wa uani uhamie kwenye tundu la WAN la ruta ya pili, nayo ipewe mtaa wake, tuseme 192.168.2.1. Ugomvi utaisha. Lakini uani utakuwa mtandao mwingine nyuma ya mtandao. Mdogo wangu akitaka kuchapa kazi zake kutoka chumbani, simu yake haitaiona printa ya mbele yenyewe, na mimi kutoka kaunta sitafikia kitu chochote cha kule. Tena anwani ya nje niliyoikuta kwenye boksi la kampuni inaanza na 100. Iko ndani ya fungu la 100.64 hadi 100.127, lililotengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziweze kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Maana yake tayari tunatafsiriwa anwani mara mbili, na boksi letu kisha na kampuni, kabla ya kufika nje. Sitaki ya tatu.

Ya pili: ruta ya uani iache kuwa ruta. Izimwe ugawaji, ipewe anwani yake isiyogongana na mtu, waya ubaki kwenye tundu la LAN, la mtandao wa ndani, ifanye kazi ya kurusha waifai tu. Nimechagua hii.

Nimeifanya usiku baada ya kufunga duka. Hatua niliyoiona ya lazima ni kuchomoa kwanza waya unaoziunganisha, nisije nikabadilisha mipangilio ya ruta isiyo yenyewe. Kisha kompyuta kwa waya mfupi moja kwa moja kwenye ruta ya pili.

Nimekosea mpangilio. Nilianza kuzima DHCP, nikahifadhi, ruta ikajiwasha upya, na kompyuta ikabaki haina wa kuipa anwani. Ikajipa yenyewe 169.254 na namba nyingine mbele. Kompyuta ikiwa na 169.254 maana yake imeomba na hakuna aliyejibu. Nikaiwekea anwani kwa mkono, 192.168.1.10, kinyago (namba inayoonyesha ukubwa wa mtandao wa ndani) 255.255.255.0, ukurasa mweupe ukafunguka. Nikabadilisha anwani ya ruta kuwa 192.168.1.2, nikaingia tena kwa anwani hiyo mpya, nikahakikisha ugawaji umezimwa, nikairudishia kompyuta kuomba yenyewe, ndipo nikarudisha waya wa uani. Anayeanza na anwani na kumalizia na DHCP hatapita huku nilikopita.

Saa 5 usiku arp -a imetoa herufi zilezile mara sita mfululizo.

Jumamosi, 17 Mei

Siku mbili safi. Leo saa 4 asubuhi, duka limejaa, printa imepotea.

Nilishtuka kweli, nikadhani nimerudi nilikotoka. Lakini intaneti ilikuwepo, iliyopotea ni printa peke yake. Nikachapa karatasi ya taarifa kwenye printa yenyewe, kwa kushikilia kitufe chake: anwani 192.168.1.120, ya kudumu. Fundi aliiwekea hivyo kwa mkono ili isibadilike. Wazo ni zuri, namba ndiyo mbaya, kwa sababu boksi la sebuleni linagawa kuanzia 100 hadi 200, na 120 iko katikati ya fungu lake.

Kwa nini leo? Jumamosi wateja wengi wanaingia kwenye waifai yangu kunitumia nyaraka, kila simu inachukua namba na kukaa nayo saa 24 hata mwenyewe akiwa ameshafika Chamwino. Kwenye orodha ya boksi nimekuta 120 imepewa simu moja saa 1 na dakika 50 asubuhi. Printa mimi huiwasha saa 2. Ruta nyingi huuliza kwanza kama kuna mtu anaitumia namba kabla ya kuitoa, lakini printa iliyozimwa haiwezi kujibu.

Jioni nimepanga upya, kwa ushauri wa Baba. Aliniambia wao kwenye ramani walikuwa hawachanganyi viwanja vya taasisi na vya makazi. Kwa hiyo namba 1 hadi 99 sasa ni za wenyeji wa kudumu na ruta haizigusi. Namba 100 hadi 200 ni za wanaokuja na kuondoka, na muda wa kukaa nazo nimeupunguza hadi saa mbili. Printa nimeihamishia 192.168.1.20, nikaibadilisha na kwenye kompyuta.

Kishikwambi cha Baba nimekitengea 30 ndani ya boksi kwa namba yake ya MAC. Kwanza hakikuipata. Namba niliyoisoma kwenye maelezo ya kifaa haikuwa ile kilichokuwa kinajitambulisha nayo: tangu Android 10, vifaa vingi hutumia MAC ya kubuni kwa kila waifai ili mwenyewe asifuatiliwe. Nikaichukua MAC kutoka kwenye orodha ya boksi, ikakubali.

Jumatatu, 19 Mei

Mdogo wangu: "Dada, huku kwetu ipo lakini inajikongoja."

Kweli. Nimepiga ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu, kwenda 192.168.1.2 kutoka mbele. Asubuhi majibu yote yanarudi, saa 8 mchana katika kila mia yanapotea kama tisa. Jua likizama yanarudi yote. Nikapanda juu ya paa la jiko na ngazi ya jirani.

Waya umelazwa juu ya bati tupu. Ganda lake upande wa juu limepauka na kupasuka vipande vipande kama ngozi ya kisigino, na vumbi jekundu limeingia ndani. Kwenye kona ya bati, pale panapokata, jozi ya bluu imekatika kabisa, na waya mmoja wa jozi ya kijani umebaki unagusana kwa nywele moja ya shaba. Bati likipata moto linatanuka, waya unavutwa, mguso unaachia. Ruta hizi zina uwezo wa megabiti 1,000 kwa sekunde, ila hiyo inahitaji jozi zote nne. Zikipungua zinashuka hadi 100 na kutumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Sisi tulikuwa tunaishi kwa hizo mbili, na moja ilikuwa inaning'inia.

Nimenunua mita 30 za waya wa nje wenye ganda jeusi, nikaupitisha kwenye bomba la plastiki chini ya ukingo wa paa, mbali na bati. Vichwa nimebana mwenyewe kwa koleo la kuazima: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kichwa cha kwanza nimekiharibu, waya wa nane haukufika mwisho. Cha pili kimekaa. Taa ya ruta ya uani sasa ni ya kijani, zamani ilikuwa ya njano, na ping ya saa 8 mchana haikupoteza hata moja.

Pia nimetenganisha chaneli za waifai, mbele 1 na uani 11, maana zote zilikuwa kwenye 6 zikizungumza juu ya sauti ya mwenzake.

Alhamisi, 22 Mei

Umeme umekatika saa 12 na nusu jioni, umerudi saa 1 kasoro dakika tano. Nilikimbia na saa ya simu kama wiki iliyopita. Ruta ya uani imesimama kwa sekunde 40, simu zimeishika, zikabaki zinaomba anwani bila kupewa. Dakika ya tatu boksi la sebuleni limeamka. Moja moja zikapewa. Nimekagua vifaa tisa, kila kimoja na namba yake, na mlango wa kutokea ni mmoja.

Baba alikuwa anasikiliza kikao cha jioni. Nilipofika mlangoni kishikwambi kilikuwa kimeshaanza kuongea tena, akaninyooshea kidole ningoje mbunge amalize.

Jumamosi, 24 Mei

Baba amenichorea ramani. Kwenye karatasi ya A3, kwa penseli na rula, nyumba yote kwa vipimo: waya mweusi na bomba lake, boksi la sebuleni 1, ruta ya uani 2, printa 20, kishikwambi 30, fungu la wageni 100 hadi 200. Namba ameziandika kwa zile herufi zake za ofisini, zilizosimama sawasawa kana kwamba zimepigwa chapa. Ruta ya uani ameiwekea alama ya bikoni, lile jiwe la wapimaji la mpaka wa kiwanja, na chini yake ameandika: HAIGAWI.

Nimetoa fotokopi mbili. Moja imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la kaunta, nyingine ni ya fundi atakayekuja kesho na keshokutwa. Kilichobaki ni betri ndogo ya kushikilia boksi la sebuleni umeme ukikatika, bei nitaiulizia Jumatatu. Yule mama wa Alhamisi ile aliacha namba yake kwenye daftari la oda. Nimempigia, nikamwambia mjukuu akiwa na fomu nyingine aje, hatalipa.